Barua ya wazi kwa mawaziri wetu wa mambo ya nje: Gambia walijifunza hapa hapa Arusha

Kwenu waheshimiwa mawaziri wa mambo ya nje wa nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki,

Shikamooni wakubwa, na mlio rika langu habari za kazi. Naandika kutoka Arusha, mji mnaokuja kila mara kwa vikao vya Jumuiya, barabara zinafungwa, ving'ora vinapita, sisi tumebanana kwenye daladala tunasubiri msafara uishe, alafu usiku kwenye taarifa ya habari tunawaona mmejipanga mstari mmoja mmeshikana mikono. Foleni tumeshaizoea, siandiki kulalamikia foleni.

Naandika kuhusu watu wanaoteswa kwa ajili ya dini zao, na nyie kama wanadiplomasia huwa mnawafanyia nini. Mkipewa maiki Geneva au New York mnasema nchi zetu zinaheshimu uhuru wa kuabudu, na kwa sehemu kubwa ni kweli, siwezi kubisha, Ijumaa misikiti imejaa Jumapili makanisa yamejaa, futari tunaalikana na Krismasi pilau inavuka ukuta. Lakini hizo ni sifa za wananchi jamani, majirani wanaoheshimiana, hiyo haijawahi kuwa kazi ya wizara. Kazi ya wizara ni pale mtu anafungwa Asmara au anachomewa kijiji huko Myanmar, nchi zetu zinasema nini, zinapiga kura gani, zinafungua kesi gani. Na jibu lenu nalijua kwa moyo: sisi nchi ndogo, hatuna jeshi la kumtisha mtu, hatuna hela ya kumwekea mtu vikwazo, hayo ni mambo ya wakubwa, na tena sisi hatuingilii mambo ya ndani ya wenzetu.

Haya, tuongelee nchi ndogo basi. Gambia.

Gambia ina watu milioni mbili na kitu, hawafiki nusu ya watu wa Dar es Salaam. Ni nchi ambayo mpaka Januari 2017 ilikuwa chini ya Yahya Jammeh, miaka 22, mtu ambaye Desemba 2015 aliamka akatangaza Gambia ni jamhuri ya Kiislamu bila kumuuliza mtu, na mwaka uliofuata akatangaza anajitoa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwa hiyo msiniambie walikuwa na historia safi ndo maana wakapata ujasiri, hawakuwa nayo. Alipoingia rais mpya Adama Barrow lile jina la jamhuri ya Kiislamu likaondolewa, ile barua ya kujitoa ICC ikafutwa, na wizara ya sheria akapewa wakili anaitwa Abubacarr Tambadou.

Huyu Tambadou ndo sababu ya mimi kuandika. Kabla ya uwaziri alifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ICTR. Na ICTR ilikuwa wapi? Hapa. Pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa katikati ya mji, jengo ambalo mnalijua vizuri maana mmekaa vikao humo. Kuanzia katikati ya miaka ya 90 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015 watu 93 walishtakiwa kwenye mahakama ile, na Septemba 1998 ikatoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Tulioishi mji huu miaka ile tunakumbuka magari meupe ya UN na kodi za nyumba zilivyopanda, wengi wetu ndo kumbukumbu tuliyobaki nayo hiyo, magari na kodi. Wenzetu waliondoka na kitu kingine.

Mei 2018 OIC, yaani Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, walikuwa na mkutano Dhaka, Bangladesh. Aliyetakiwa kwenda ni waziri wa mambo ya nje wa Gambia, mwenzenu huyo, ikashindikana dakika za mwisho akatumwa Tambadou. Wajumbe wakapelekwa Cox's Bazar kwenye kambi za Warohingya, Waislamu wa Myanmar ambao sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha bila nchi, na ambao kuanzia tarehe 25 Agosti 2017 jeshi liliwaingilia vijijini, kuua, kubaka, kuchoma moto nyumba, watu zaidi ya laki saba wakavuka mpaka ndani ya miezi michache. Tambadou akakaa na wakimbizi akawasikiliza. Na alichokisikia alishawahi kukisikia, kwa sababu ushahidi wa namna ile ndo aliokuwa anaushika mkononi Arusha: mtoto ametolewa mikononi mwa mama, wanaume wametengwa na wanawake, nyumba zimefungwa kwa nje zikawashwa moto. Kila waziri aliyekuwa kwenye msafara ule aliona kambi ile ile. Tofauti ni kwamba huyu mmoja alijua kuna mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari, alijua Myanmar imeusaini, na alijua nchi yoyote iliyosaini, hata iwe ndogo kiasi gani na hata iwe mbali kiasi gani, inaweza kumshtaki mwenzake The Hague, Uholanzi, ilipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Akarudi nyumbani, OIC wenye nchi 57 wakamuunga mkono, na tarehe 11 Novemba 2019 Gambia ikafungua kesi kwenye mahakama hiyo dhidi ya Myanmar. Hiyo tarehe ishikeni, nitairudia. Desemba mwaka huo huo Aung San Suu Kyi, kiongozi wa serikali ya Myanmar wakati ule, mwenye Nobel yake ya amani ya 1991, akasafiri mwenyewe mpaka The Hague kulitetea jeshi ambalo lilimfungia nyumbani miaka mingi, na nchi iliyomlazimisha asafiri haikutumia manowari wala ndege za kivita, ilitumia faili tu. Tarehe 23 Januari 2020 majaji 17, wote, hakuna hata mmoja aliyekataa, wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki, isiharibu ushahidi na iwe inaripoti kila miezi sita. Myanmar ikapinga ikasema Gambia inahusikaje, haijaathirika kwa lolote, na Julai 2022 mahakama ikaitupa hoja hiyo kwa majaji 15 dhidi ya mmoja.

Naomba muangalie nani walikuwa wamekaa pale mbele siku ile ya Januari 2020. Rais wa mahakama aliyesoma amri alikuwa Abdulqawi Yusuf, Msomali, na Somalia leo ni mwenzetu kwenye Jumuiya. Pembeni kuna Julia Sebutinde wa Uganda. Jaji aliyeteuliwa na Gambia kwa ajili ya kesi hiyo alikuwa Navi Pillay wa Afrika Kusini, ambaye aliwahi kuwa rais wa ICTR hapa hapa Arusha na alikuwa mmoja wa majaji watatu wa kesi ya Akayesu. Kwa hiyo ile kesi ambayo mnaona ni mambo ya Ulaya ilijaa watu wa huku na ujuzi wa huku mtupu. Gambia walikuja kusoma kwetu, wakafaulu, sisi wenye shule tukaifunga tukabaki na uzio.

Kuifunga vipi? Ndo ile tarehe sasa. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia inafungua kesi. Tarehe 14 Novemba 2019, siku tatu tu baadaye, waziri wetu wa mambo ya nje wa Tanzania wa wakati ule anasaini notisi ya kuliondoa tamko la Tanzania chini ya ibara ya 34(6) ya itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa ambaye hajui, hilo tamko ndo linalomruhusu mwananchi wa kawaida au NGO kuipeleka serikali yake moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, bila kupitia kwa mtu. Tanzania ililitoa mwaka 2010, vizuri kabisa, tukajivuna, mahakama yenyewe makao yake si yapo hapa hapa, barabara ya Dodoma kwenye majengo ya TANAPA. Miaka tisa baadaye tukalirudisha mfukoni, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 Mtanzania hawezi tena kufungua kesi mpya katika mahakama ambayo kwa daladala anafika. Sababu iliyotolewa ni kwamba tamko lilikuwa linatumika kinyume na masharti tuliyoweka. Labda. Ninachojua mimi ni kwamba tulikuwa tunaongoza kwa kushtakiwa, kesi nyingi zilikuwa za wafungwa wa magereza yetu, na ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi tulishindwa tangu 2013 na mpaka leo mgombea binafsi hatujamuona.

Gambia wao? Februari 2020, wiki chache baada ya ushindi wa The Hague, walipeleka tamko lao la 34(6). Yaani huku wanamshtaki mwenzao, huku wanafungua mlango wao wenyewe washtakiwe. Hapo ndo pana neno langu lote waheshimiwa, na nalisema bila kuzunguka: huwezi kuwa na sauti nje kuhusu haki za watu wakati nyumbani umefunga mlango. Wenzako watakucheka, na wana haki ya kukucheka. Rwanda nao walitoa tamko 2013 wakaliondoa 2016. Kenya, Uganda, Burundi itifaki mliridhia zamani lakini tamko hamjawahi kulitoa. Kwa hiyo kati ya nchi nane za Jumuiya leo hakuna hata moja, sifuri, na mahakama iko mjini kwetu.

Kenya mlikuwa mnatabasamu hapo juu nikiisema Tanzania, sasa zamu yenu. Watu wakisikia uhuru wa dini wanawaza Wakristo na Waislamu tu, lakini hukumu kubwa ya uhuru wa dini ambayo mahakama ya Arusha imewahi kutoa inahusu Waogiek wa msitu wa Mau. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame msituni. Kesi ikapitia kwa Kamisheni ya Afrika ya haki za binadamu kule Banjul (ndiyo, Banjul, Gambia, tena wao), ikaja mahakamani, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema Kenya imevunja haki kadhaa ikiwemo ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika, uhuru wa dhamiri na dini. Kwa nini dini? Kwa sababu kwa Mwogiek ule msitu si mbao, ndo mahali anapofanyia ibada, ndo anapozika wafu wake kwa taratibu zake, kuna miti fulani inatumika kwenye ibada na miti hiyo haipo Nakuru mjini. Na ushahidi ulionyesha kwamba watu hawa walikuwa wanatakiwa kuomba na kulipia kibali kila mwaka ili waendelee kuingia msituni. Hebu fikiria msikiti wako au kanisa lako unaenda kulikatia risiti halmashauri kila Januari.

Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba Waogiek wengi wameshakuwa Wakristo, hiyo dini ya msituni wameshaiacha wenyewe. Mahakama ikasema hapana, si wote waliobadili, na hata aliyebadili haina maana ameacha kila kitu cha kwao. Mimi hapo nilipiga makofi, maana nani kati yetu hana bibi anayekwenda kanisani Jumapili na bado kuna mti hagusi mtu. Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, shilingi za Kenya 57,850,000 za hasara ya mali na 100,000,000 za maumivu, na ardhi wapimiwe wapewe hati. Novemba 2023, miezi kumi na saba baadaye, nyumba za Waogiek zikabomolewa tena kule Sasimwani, Narok. Na huyo huyo Kenya akagombea kiti kwenye Baraza la Haki za Binadamu la UN kwa kipindi cha 2025 mpaka 2027, akapata.

Na hapo Geneva, lilipo baraza hilo, napo tuongee. Kenya yupo, Congo yupo kwa kipindi hicho hicho, Burundi yupo 2024 mpaka 2026. Viti vitatu vya Jumuiya moja! Nauliza tu, mlishawahi kukaa hata kikao kimoja hapa Arusha mkakubaliana wale watatu wanaenda kusema nini kwa niaba yetu? Au kila mtu anasubiri kuona mkopeshaji wake yuko upande gani?

Nauliza kwa sababu ya kilichotokea kwa Waislamu wa Uighur kule Xinjiang, China. Julai 2019 nchi 37 zilisaini barua ya kuisifia China kwa kazi nzuri ya haki za binadamu, huku ripoti za makambi ya kuwafungia Wauighur zimejaa kila mahali, na kwenye orodha hiyo Burundi yumo, Congo yumo, na Myanmar yumo pia, mkisaini karatasi moja na Myanmar mwaka ule mjue mmekaa vibaya. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya UN ikatoa ripoti yake, dakika chache kabla ya saa sita usiku siku ya mwisho kazini ya mkuu wa ofisi hiyo, Michelle Bachelet, ikisema huenda huko kuna uhalifu dhidi ya binadamu. Tarehe 6 Oktoba likaja pendekezo barazani. Halikuwa la vikwazo, halikuwa la kumlaani mtu, lilikuwa la kufanya mjadala tu, tukae tuiongelee hiyo ripoti. Likashindwa, 17 wakasema ndiyo, 19 hapana, 11 hawakuwa upande wowote. Pakistan hapana, Qatar hapana, Senegal hapana, Sudan hapana. Na Gambia, Gambia yangu hii niliyoisifia kurasa zote hizi, ikakaa kimya katikati. Roho iliniuma. Kumbe Myanmar inashitakika kwa sababu haitujengei bandari.

Kutoka Afrika nzima aliyesema ndiyo ni mmoja tu, Somalia. Mheshimiwa waziri wa Somalia pokea maua yako. Alafu ukishapokea nikukumbushe kwamba katiba yako inakataza kueneza dini nyingine yoyote isipokuwa Uislamu, kwa hiyo na wewe kuna mlango wa kufungua.

Najua mtasema mbona hao Wamarekani nao ni wanafiki. Ni kweli na sitawatetea. Tangu 1998 wana sheria yao ya uhuru wa dini duniani, wanaandika ripoti ya kila nchi kila mwaka, wana orodha yao ya nchi mbaya zaidi, na Saudi Arabia ipo kwenye orodha hiyo tangu 2004 lakini inasamehewa adhabu kwa sababu za maslahi. Nigeria iliingizwa 2020, ikatolewa 2021, ikarudishwa 2025, na hali ya watu wa majimbo yake ya Plateau na Benue haikuwa inapanda na kushuka hivyo, kilichokuwa kinabadilika ni mtu wa Washington. Lakini unafiki wa Marekani hautoi ruhusa ya nyie kulala. Kama fimbo yao inamchagua mtu wa kumpiga, tengenezeni ya kwenu isiyochagua.

Tena kuna namna nyingi, si lazima kila kitu kiwe kesi na kelele. Mwaka 2014 mahakama ya Khartoum ilimhukumu Meriam Ibrahim kunyongwa kwa kuritadi, yaani kuacha Uislamu, baba yake alikuwa Muislamu yeye akalelewa na mama yake Mkristo, akajifungua mtoto wa kike gerezani miguu ina minyororo. Dunia ikapiga kelele, Juni mahakama ya rufaa ikamwachia, kesho yake akakamatwa tena uwanja wa ndege na mume wake na watoto. Mnajua alikuwa ameshika hati gani ya kusafiria? Ya Sudan Kusini, aliyopewa na ubalozi wa Sudan Kusini pale Khartoum, kwa sababu mume wake asili yake ni huko. Sudan wakasema ni ya kughushi, ubalozi ukasema hapana ni yetu, sisi ndo tumetoa. Juba ya mwaka 2014, nchi imeanguka vitani, na bado kuna ofisa ubalozini aliyegonga muhuri alafu ubalozi ukausimamia mbele ya serikali mwenyeji iliyokasirika. Mwezi mmoja baadaye, baada ya kukaa ubalozi wa Marekani, alitua Roma na naibu waziri wa Italia Lapo Pistelli yuko naye ndani ya ndege, Waitalia waliongea na Khartoum kimya kimya bila kumtukana mtu. Na Julai 2020 Sudan ikaifuta kabisa adhabu ya kifo ya kuritadi.

Huyo ofisa wa ubalozi ndo diplomasia ninayoitaka mimi. Mna balozi ngapi nyie? Watumishi wangapi wanaokaa wakisubiri sherehe za uhuru na ujumbe wa wafanyabiashara? Wangapi wamewahi kwenda kukaa kwenye benchi la mahakama ya nchi ya watu, kimya, na bendera kwenye gari nje, ili hakimu ajue kuna mtu anaangalia? Wazungu wanafanya hivyo kwetu kila siku mnakasirika, badala ya kukasirika igeni.

Angalieni Eritrea, si mbali hapo. Tangu 2002 dini zinazoruhusiwa ni nne tu, Orthodoksi, Katoliki, Walutheri na Waislamu wa Suni, ukiabudu nje ya hapo unachukuliwa. Na hata ndani ya hizo nne usalama hamna, Patriaki Antonios wa kanisa la Orthodoksi alikataa serikali kuingilia kanisa, akavuliwa, kuanzia 2007 akawekwa kifungo cha nyumbani mpaka amekufa Februari 2022 akiwa mzee wa miaka 94. Mashahidi wa Yehova walinyang'anywa uraia kwa amri ya rais Oktoba 1994, na vijana watatu waliokamatwa mwaka huo kwa kukataa kushika silaha walitoka Desemba 2020. Miaka 26, bila kesi. Waliingia vijana wametoka wazee. Sasa mjue mwaka 2012 nani walipeleka pendekezo Geneva mpaka Eritrea ikawekewa mchunguzi maalum wa UN: Somalia, Djibouti na Nigeria. Waafrika. Kwa hiyo inawezekana, ilishafanyika, na iliyoongoza ni pamoja na nchi ambayo wakati ule haikuwa hata na serikali kamili.

Na msiseme ni tabia ngeni kwetu. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi walijitangazia uhuru, na sisi wenyewe tulikuwa na miaka minne tu ya uhuru, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, na tuliuhitaji. Julai 1975 OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakaenda Kampala kumpa Idi Amin uenyekiti, Mwalimu akakataa kwenda, na serikali ikatoa tamko kwamba OAU inapiga kelele Waafrika wakiuawa na makaburu, wakiuawa na serikali za Waafrika inanyamaza. Miaka miwili haijaisha Amin akamuua Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye jimbo lake lilikuwa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga kule Zaire (Congo ya leo), hesabuni hizo ni nchi ngapi za Jumuiya ya leo, na mwaka huo huo akapiga marufuku madhehebu kibao. Mkutano wa OAU wa Monrovia wa Julai 1979 walimgombeza Mwalimu kwa kuingiza jeshi Uganda kumng'oa Amin, lakini mkutano ule ule ndo ulioagiza uandikwe Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ukapitishwa Juni 1981. Ukapitishwa wapi? Nairobi. Ibara ya 8 ile ile iliyowatia Kenya hatiani kwa Waogiek ilipigiwa makofi Nairobi.

Kwa hiyo nataka nini. Kenya, lipeni hela za Waogiek na muwape hati zao, alafu hotuba zenu za Geneva tutazisikiliza. Nyie mlio barazani, kila kura mnayopiga muiseme bungeni na sababu yake, maana tunazijua kutoka kwa Wazungu wa mitandaoni kabla hatujazisikia kutoka kwenu. Uganda, Rwanda na Burundi, tamko. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa hapa Novemba 1999 ulisema mahakama yetu ya Afrika Mashariki itapewa mamlaka ya haki za binadamu baadaye, sasa hiyo baadaye ni lini, watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto.

Na wewe mheshimiwa wa Tanzania nakumalizia wewe kwa sababu ndo mwenyeji. Ile notisi ya 2019 haikuhitaji bunge kuiandika na kurudi hakuhitaji miujiza. Kujitoa ndo kunataka kusubiri mwaka mzima, mahakama yenyewe ilisema hivyo kwenye kesi ya Rwanda 2016. Kutoa tamko jipya ni barua moja yenye sahihi yako kwenda kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya AU, Addis Ababa, siku ikipokelewa limeanza kazi. Wanasheria wa wizara wanazo nakala za ile ya 2010, waambie wabadilishe tarehe, na yale masharti mliyosema yalivunjwa muyaandike upya kwa lugha inayoeleweka ili safari hii msipate kisingizio.

Ni mimi,
Mkazi wa Arusha